Fundi Hasemeshwi

Mtu akiingia leo kwenye chumba cha kompyuta cha Fundi Barafu na kuanza kueleza shida yake, Barafu huacha alichoshika, huvua hedifoni, hugeuza kiti na kusikiliza mpaka mwisho. Hata shida yenyewe ikiwa upuuzi mtupu. Yupo mzee mmoja, mstaafu wa posta, anayekuja kusoma magazeti kwenye intaneti, na kabla hajaketi humsimulia Barafu habari za goti lake kwa robo saa nzima. Wanaosubiri nyuma wanaguna. Barafu anaitikia kwa kichwa na kuuliza, "Na la kushoto je?" Wateja wapya humwona kama mtu aliyelegea nati. Wa zamani hunyamaza, kwa sababu wanaikumbuka karatasi iliyokuwa ukutani juu ya kiti chake. Alama nne za gundi bado zipo.

Karatasi hiyo aliiandika mwenyewe kwa kalamu nzito: MALALAMIKO YOTE YAANDIKWE UBAONI. FUNDI HASEMESHWI.

Tumtendee haki, alikuwa na sababu. Chumba kina kompyuta kumi na mbili, sita kila upande, na zamani kilikuwa na seva yake kwenye stoo ya nyuma, imekalishwa juu ya matofali mawili. Seva ndiyo iliyobeba mchezo. Watu wazima na akili zao, madereva, wauza maduka, hata mwalimu wa hesabu, walikuja kucheza vita vya kikosi kwa kikosi, na mtu akiuawa mchezoni halaumu vidole vyake. Humlaumu fundi. Fundi, seva inakokota. Fundi, yule pale ana programu ya kuona kupitia ukuta. Fundi, kipanya changu kimekufa, na mimi nimekufa nacho. Kumi na wawili kwa mpigo, kutwa nzima. Malaika mwenyewe angebandika karatasi.

Ubao ulikuwa ukurasa alioutengeneza kwa mkono wake, ukakaa kwenye seva ileile ya stoo. Mtu alifungua kivinjari, akaingia kwa jina lake, akaandika shida, akatuma. Sharti lilikuwa moja: ujumbe uanze na namba ya kompyuta. Usioanza na namba, seva iliutupa kwenye fungu lililoitwa Mengineyo, na Mengineyo Barafu hakuyafungua hata siku moja. Huko zilijaa salamu, vichekesho, matusi na maombi ya kuchezeshwa bure. Yasije yakajaza diski, akaandika kiprogramu, akakiita Mfagiaji. Ujumbe uliokaa siku thelathini bila kusomwa, Mfagiaji aliufuta. Na ili mtumaji asirudie kutuma, aliwekewa maneno mazuri ya kumtuliza: Mpokeaji ameufuta ujumbe huu. Barafu alikipenda kiprogramu hicho kuliko kazi zake zote. Mkewe, ambaye alishika zamu ya jioni, alisema kwamba Mfagiaji angekuwa na mdomo angeshakaribishwa mezani kabla yake.

Jina la Barafu nalo lina asili yake. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi ni kama taulo la wageni, kila mmoja anaacha chake. Dawa yake ni programu ya kugandisha. Unaiweka kompyuta sawa, unaigandisha, na tangu hapo mteja afanye atakalo, apakue virusi, ajaze picha, ikizimwa na kuwashwa inarudi vilevile ilivyokuwa dakika ile ya kugandishwa. Ukitaka kubadilisha kitu, unaiyeyusha, unaweka kitu chako, unaigandisha tena. Mafundi wote wanaijua kanuni ya kazi hiyo: kabla ya kugandisha, funga kila kitu na usafishe, kwa maana chochote utakachokisahau ndani kitakuamkia kila asubuhi.

Sasa, Barafu alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao. Alikuwa mshona mapazia. Mapazia ya chumba kile ni kazi yake, na pindo zake mpaka leo hazijafumuka. Aliishi na mama upande wa pili wa mji, na kila Jumamosi alikuja kumwona kaka yake, kwa sababu kaka yake hakwenda kuwaona wao. Seva haiwezi kuachwa peke yake, Barafu alisema, utadhani ni mtoto mchanga. Dada mtu hakununa. Alikaa kwenye kompyuta yoyote iliyo wazi, akaangalia mitindo ya mapazia, akaaga, akaenda zake.

Jumamosi moja alifika mchana, akasimama nyuma ya kiti cha kaka yake.

"Kaka, nina neno nawe."

Barafu hakugeuka. Toleo jipya la mchezo lilikuwa limetoka asubuhi ile, kompyuta zote kumi na mbili zilitakiwa kuyeyushwa na kuwekewa, na watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Alinyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani.

"Hata mimi?" Mdogo wake alicheka kidogo.

"Hata wewe. Andika ubaoni, nitasoma."

Yule dada akaenda kuketi kwenye namba saba, akaandika. Namba saba ilikuwa imeshawekewa toleo jipya, bado kufungwa, kusafishwa na kugandishwa. Baada ya dakika kumi Barafu akamfikia.

"Inuka, utamalizia baadaye."

"Nipe dakika mbili tu."

"Mdogo wangu, watu wamesimama."

Akainuka. Barafu hakufunga kitu wala hakusafisha. Alitoa amri ya kugandisha, akazima swichi ya ukutani ili aokoe dakika moja, akawasha, akahamia namba nane. Haraka haraka haina baraka, alifundishwa hilo tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Wiki ya sita baada ya hapo, mdogo wake alianguka jikoni kwa mama na hakuinuka tena. Daktari alisema moyo ulikuwa mbovu siku nyingi, na mwenyewe alijua. Karatasi za vipimo zilikutwa chini ya kikapu cha nyuzi.

Msibani Barafu alijifariji kwa jambo moja, akalisimulia kwa kila aliyekuja kumpa pole. Jumamosi ya mwisho, alisema, mdogo wake aliinuka kwenye kompyuta, akapita nyuma yake, akamwekea mkono begani na kusema taratibu, "Sawa, kaka." Hivyo tu, bila sababu. Barafu aliitikia kwa kichwa bila kuvua hedifoni, na yule dada akaenda. "Tuliagana vizuri," Barafu aliwaambia watu. "Hatukuwa na kinyongo." Watu walimwambia ashukuru, si wengi wanaojaliwa kuagana.

Miezi minne ikapita. Katika miezi hiyo namba saba ilikuwa na kasoro ndogo ambayo hakuna aliyeijali. Kila ikiwashwa na mtu kufungua kivinjari, kiliuliza: Kivinjari kilizimika ghafla. Turudishe kurasa zako? Wachezaji walibonyeza Hapana bila kusoma. Ndipo siku moja akaketi pale yule mstaafu wa posta, mtu asiyeruka herufi hata moja ya kitu kilichoandikwa. Alisoma swali, akaliona ni la heshima, akabonyeza Ndiyo.

"Fundi," aliita, akiivunja kanuni ya ukutani bila haya. "Kuna barua yako hapa."

Barafu alikwenda akiwa na hasira za kusemeshwa. Akainama. Ulikuwa ukurasa wa ubao, na katika kisanduku cha kuandikia:

Kaka, nimeona nikuandikie maana kwa mdomo hatuwezani. Juzi nilikwenda hospitali, sijamwambia mtu, hata mama hajui. Usiogope. Nakuomba kitu kimoja tu,

Baada ya mkato hapakuwa na neno. Kile kijistari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kana kwamba mwandishi ametoka kidogo kunywa maji. Mzee wa posta aliutazama uso wa fundi, akachukua kofia yake, akaenda kusoma magazeti namba kumi.

Barafu alitafuta ubaoni ujumbe wowote kutoka kwa mdogo wake, hata mmoja. Hapakuwa na kitu. Basi akaelewa hivi: dada alikuwa anaandika ombi lake, yeye akamwinua, na ombi likafia kwenye mkato. Alijua kabisa nani alisema inuka.

Tangu siku hiyo namba saba haikuguswa. Kompyuta nyingine ziliyeyushwa na kugandishwa kila mchezo ulipobadilika, namba saba ilibaki na mchezo wa zamani usiochezeka. Asubuhi Barafu alifungua mlango, akawasha namba saba kabla ya taa, akabonyeza Ndiyo, akasoma. Mkewe alimwambia ainakili ile barua, aichape, aitie kwenye fremu kama anataka. Aliinakili, akaichapa, akaitia mfukoni. Lakini karatasi haikumsubiri. Kwenye kioo kile kijistari kilikuwa bado kinawaka, na yeye, mtu aliyejua kila waya wa mashine ile, aliyejua kwamba hakuna kitu ndani isipokuwa diski iliyogandishwa, alikuwa anatazama kama sentensi imeongezeka. Aliogopa isiongezeke na aliogopa iongezeke.

Wachezaji wakaanza maneno. Mmoja alisema namba saba ina jini, mwingine akasema ameiona ikijiandika. Dereva mmoja wa lori, mtu wa kilo mia na ushee, alikataa katakata kukaa namba sita kwa sababu ni jirani.

Ikawa kazi ya Barafu kubahatisha. Kitu kimoja tu. Kitu gani? Alidhani ni mama, akamhamishia mama nyumbani kwake. Mkewe hakupinga. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema, akatandika kitanda. Asubuhi yake Barafu aliwasha namba saba, na mkato ukawa palepale. Alidhani ni cherehani, akaileta chumbani, akaitia mafuta kila mwezi ingawa hakuna aliyeshona. Alimtafuta shoga wa zamani wa marehemu aliyekosana naye, akamwomba msamaha kwa niaba yake. Yule mwanamke akalia, akasema hajui lolote. Alimjengea mdogo wake kaburi, akalipaka rangi, akalipaka tena. Kila alipomaliza jambo moja alirudi kukaa mbele ya namba saba kama mtoto anayeonyesha daftari kwa mwalimu, na mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Alikonda. Mwenye kovu usidhani kapoa, na yeye hata kovu lilikuwa bado halijafunga.

Mama yake, ambaye macho yalikuwa yameshafifia lakini ulimi haujapungua makali, alimuuliza kila jioni akirudi.

"Umeshajua alichoomba mdogo wako?"

"Bado, mama."

"Basi nawa mikono ule."

Mwaka wa tatu watengenezaji wa mchezo wakatangaza kwamba toleo lijalo halitakubali seva za zamani. Barafu ilimbidi akodi seva ya mbali, kama wenzake wote, na ile ya stoo izimwe. Ikizimwa, ubao unakufa nao. Ubao ukifa, namba saba ingeuliza swali lake asubuhi, Barafu angebonyeza Ndiyo, na pangetokea ukurasa mtupu. Mkewe alimsogelea siku ya kuhamisha.

"Mume wangu, wifi yangu amechoka kusimama pale. Mruhusu aende."

"Najua," alisema Barafu. Kwa kweli alikuwa hajui lolote.

Kabla ya kuzima, alitaka kuhamisha majina ya wateja, na ili ajue yupi bado anatumia akaunti yake, alifungua kumbukumbu za seva. Seva huandika kila kinachopita, nani kaingia, kwenye kompyuta ipi, saa ngapi, kafungua nini. Hakuna anayesoma mambo hayo bila shida maalumu. Alishuka orodha ya majina mpaka akakutana na Pazia, akaunti ya mdogo wake. Angeliruka. Akasema amwone tu, mara ya mwisho.

Mistari ilikuwa michache. Jumamosi ile, saa nane na dakika tano mchana, Pazia ameingia, namba saba. Saa nane na robo, amekatika. Hiyo Barafu aliijua. Kisha ukafuata mstari ambao hakuujua. Saa tisa kasorobo, Pazia ameingia, namba tatu. Saa tisa na nusu, Pazia ametuma ujumbe kwa Fundi, herufi elfu moja mia mbili na sita.

Alisoma tena. Herufi elfu moja mia mbili na sita.

Alikuwa amemalizia. Aliinuliwa namba saba, akangoja nusu saa mpaka namba tatu ikawa wazi, akaanza upya, akaandika yote, akatuma. Bila shaka ujumbe ulianza na neno Kaka, kama ule wa namba saba. Haukuanza na namba ya kompyuta. Ukaenda kwenye Mengineyo.

Mistari iliendelea. Jioni ileile, Pazia amefungua ujumbe aliotuma, hali: haujasomwa. Jumamosi iliyofuata, Pazia amefungua ujumbe aliotuma, hali: haujasomwa. Jumamosi ya pili, haujasomwa. Ya tatu. Ya nne. Kisha, siku ya thelathini, mstari wa Mfagiaji, mfupi na safi kama Barafu alivyomfundisha: ujumbe mmoja umefutwa.

Na Jumamosi ya tano, saa kumi jioni, namba tatu. Pazia amefungua ujumbe aliotuma. Palepale chini yake seva ilikuwa imenakili maneno aliyoonyeshwa, maneno ambayo Barafu aliyatunga mwenyewe na kuyaonea fahari. Mpokeaji ameufuta ujumbe huu.

Dakika moja baadaye, Pazia ametoka.

Namba tatu iko hatua sita kutoka kwenye kiti cha Barafu. Alizitazama hatua hizo. Mdogo wake aliinuka pale, akazitembea, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Sawa, kaka. Barafu alihisi ule mkono, hakika alihisi uzito wake na joto lake, akashindwa kugeuka. Miaka mitatu alikuwa ameyabeba maneno yale kama dawa. Akakaa pale stoo, juu ya debe tupu, seva ikivuma mbele ya magoti yake, akalia kwa sauti mpaka wachezaji wakavua hedifoni.

Alipotoka aliibandua karatasi ya ukutani, akaikunja. Kisha akazima seva, akaenda nyumbani ikiwa bado mchana.

Mama alikuwa ameketi barazani akichambua nyuzi za marehemu kwa kupapasa, nene huku, nyembamba huku. Barafu aliketi sakafuni na kumweleza yote, kompyuta, ubao, Mfagiaji, siku thelathini. Mama hakumkatiza. Alipofika kwenye Sawa, kaka, mikono ya mama ilisimama.

"Jumamosi hiyo aliporudi," mama alisema, "nilisikia sauti yake imebadilika. Nikamuuliza una nini, akasema vumbi la njiani. Nikamuuliza, umemwona kaka yako?"

"Akasemaje?"

"Akasema, nimemwona, mama, ana kazi nyingi, tusimsumbue." Mama akaokota uzi uliokuwa umeanguka mapajani, akauzungusha kidoleni. "Basi hatukukusumbua."